Silaha za Kisenyi na Reli ya Mbali: Diplomasia ya Kikoloni katika Ukanda wa Ziwa Kivu, 1914–1924

Ikisiri

Makala hii inaeleza kwa nini mapigano ya mpakani kati ya Gisenyi na Goma, yaliyoanza Septemba 1914, yalidumu kwa takribani miezi ishirini bila upande wowote kupata ushindi wa maana. Inadaiwa hapa kwamba jibu halimo katika mahandaki ya ufukweni pekee. Limo pia katika mazungumzo ya kidiplomasia kuhusu kutoegemea upande kwa Bonde la Kongo, katika njia ya silaha kutoka Mombasa, katika reli ya Uganda iliyokuwa ikitishwa na doria za Wajerumani, na katika makubaliano yaliyofikiwa Lutobo mwezi Februari 1916. Makala inafuatilia pia namna reli nyingine, ambayo haikujengwa kamwe, ilivyoikata ardhi ya Rwanda baada ya vita.

Utangulizi

Msafiri anayefika leo Rubavu na kutembea ufukweni kuelekea magharibi hufika mpakani kabla hajachoka. Upande wa pili ni Goma. Mpaka huo ulitokana na mabishano ya kidiplomasia yaliyoanza baada ya safari ya von Götzen ya mwaka 1894, yakamalizwa mwaka 1910 katika mazungumzo ya Brussels baina ya Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza. Katika mgao huo kisiwa cha Idjwi kilikwenda kwa Wabelgiji, na Gisenyi, ambayo Wajerumani waliiandika Kisenyi au Kissenji, ikabaki kuwa kituo chao cha mbali kabisa kaskazini-magharibi. Humo waliweka makao ya Kombania ya 11 ya jeshi lao la askari.

Vita vilipozuka, Rezidenti Richard Kandt alikuwa likizoni Ulaya, na madaraka yakawa mikononi mwa Kapteni Max Wintgens. Huyu hakungoja kushambuliwa. Tarehe 24 Septemba 1914 aliitwaa Idjwi, na tangu hapo akaishikilia Gisenyi kwa kikosi kidogo cha askari pamoja na Wanyarwanda wasaidizi walioitwa Indugaruga, ambao Mwami Yuhi Musinga aliridhia watolewe. Wabelgiji walishambulia mara kadhaa mwaka 1914 na 1915, wakarudishwa. Kisha, mwezi Mei 1916, Wajerumani wakaiacha Gisenyi. Sababu ilikuwa kwamba Kigali, iliyo nyuma yao, ilikuwa imekwisha kuchukuliwa tarehe 6 Mei na kikosi cha Kanali Molitor kilichotokea kaskazini.

Simulizi za kijeshi huishia hapo, na humsifu Wintgens kwa ushupavu wake. Sina ugomvi na sifa hizo. Lakini swali la mwanahistoria ni jingine: kwa nini Wabelgiji, waliokuwa na askari wengi zaidi, walihitaji kungoja hadi Aprili 1916 ndipo waanze kusonga mbele? Na kwa nini, walipoanza, njia yao kuu ilitegemea mji wa pwani ulio zaidi ya kilomita elfu moja mashariki mwa Gisenyi?

Kifungu cha 11 na siku thelathini za Agosti

Mkataba wa Jumla wa Berlin wa mwaka 1885 hukumbukwa katika vitabu vya shule kama waraka wa kuigawa Afrika. Ulikuwa pia na sehemu ndogo iliyohusu vita. Kifungu cha 10 kiliruhusu dola yenye mamlaka katika Bonde la Kongo kutangaza kwamba ardhi yake haiegemei upande, na dola nyingine zikalazimika kuiheshimu hali hiyo. Kifungu cha 11 kilikwenda mbele zaidi: iwapo dola kama hiyo ingeingia vitani, waliotia saini wangetumia usuluhishi wao ili, kwa ridhaa ya pande zote zinazopigana, makoloni hayo yawekwe nje ya vita, wala yasitumiwe kuwa kituo cha mashambulizi. Tena “Bonde la Kongo” la mkataba huo halikuwa bonde la mto pekee. Lilinyooshwa mashariki hadi Bahari ya Hindi, kwa hiyo liliihusu Afrika Mashariki ya Wajerumani nzima, na Kenya na Uganda pia.

Neno lililoufanya mkataba huu kuwa dhaifu ni lile la “ridhaa”. Tarehe 7 Agosti 1914 serikali ya Ubelgiji iliwaagiza wajumbe wake London na Paris waulize kama Waingereza na Wafaransa wangekubali kuiweka Afrika ya Kati nje ya vita. Gavana wa Kongo aliamriwa ajilinde tu, asianzishe chochote. Ubelgiji ilikuwa na sababu nzito: nchi yenyewe ilikuwa ikivamiwa Ulaya, na koloni kubwa kama Kongo haikuweza kulindwa kwa jeshi lililoundwa hasa kwa ajili ya kuwatiisha wenyeji. Ufaransa mwanzoni haikulikataa wazo hilo. Lakini siku ile ujumbe ulipokuwa bado ukizunguka, manowari ya Kiingereza Astraea ilikuwa karibu kuipiga kwa mizinga Dar es Salaam, na ikafanya hivyo tarehe 8 Agosti ili kuharibu kituo cha simu ya upepo. Kufikia tarehe 17 Waingereza walijibu kwamba jambo haliwezekani tena, kwa kuwa mapigano yamekwisha kuanza, na Wafaransa wakafuata mkondo huo.

Tarehe 22 Agosti mashua ya kivita ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, iliishambulia bandari ya Lukuga katika ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika na kuiharibu meli ya Kibelgiji Alexandre Delcommune. Mwishoni mwa mwezi huo Brussels, au tuseme serikali iliyokwisha kuhama Brussels, iliwaruhusu makamanda wake wa Kongo kushambulia na kushirikiana na Waingereza. Kejeli ni kwamba karibu siku hizohizo Berlin nayo iligundua uzuri wa Kifungu cha 11. Ikaiomba Marekani ifikishe pendekezo la kutoegemea upande kwa dola nyingine. Marekani ilikuwa imeshiriki katika mkutano wa Berlin lakini haikuuridhia mkataba wake, hivyo ilipeleka ujumbe bila kuutetea. Kila mmoja aliukumbuka mkataba kwa wakati ambao mwenzake alikuwa hauhitaji.

Kwa watu wa Bugoyi, eneo linaloizunguka Gisenyi, maana ya kushindwa huku ilikuwa rahisi kueleweka. Mpaka waliokuwa wakiuvuka kwa biashara ya mbuzi, maharage na majembe ukawa mstari wa risasi.

Silaha zilipitia wapi?

Kabla ya kuifuata njia ya silaha, yafaa kukumbuka mkataba mwingine. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulipiga marufuku uingizaji wa bunduki za kisasa na baruti katika ukanda mzima ulio kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, isipokuwa kwa ajili ya majeshi ya serikali zenyewe na ruhusa chache maalumu. Kwa miaka ishirini na minne maofisa wa pande zote tatu za maziwa walikuwa wakiwaambia watawala wa Kiafrika kwamba bunduki ni hatari kwa ustaarabu. Sasa bunduki ndiyo ikawa shehena inayotangulia nyingine zote, na Wintgens akawapa Wanyarwanda silaha hadharani. Mwenye marufuku ndiye aliyeifungua.

Wajerumani wa Gisenyi walitegemea Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwezi Februari 1914 baada ya kilomita 1,252 kutoka Dar es Salaam. Tawi la kuelekea Rwanda kutoka Tabora lilikuwa limeanza tu kujengwa vita vilipokatiza kazi. Kwa kuwa bahari ilikuwa imezibwa na manowari za Waingereza, silaha mpya ziliwafikia mara mbili tu: mwaka 1915, meli Rubens ilipopenya hadi ghuba ya Manza karibu na Tanga, na mwaka 1916, meli Marie ilipofika Sudi, kusini. Yaliyobaki waliyatengeneza au waliyateka.

Wabelgiji walikuwa na tatizo la kinyume: bahari ilikuwa wazi kwao, ila nchi kavu ilikuwa ndefu kupita kiasi. Sanduku la risasi lililoshushwa Matadi lilipanda reli hadi Léopoldville, likapanda boti hadi Stanleyville, na kutoka hapo, kama lilikusudiwa Kivu, likaingia msituni kichwani mwa mpagazi. Kama lilikusudiwa Tanganyika, lilipanda reli, likashuka, likapanda boti, likashuka tena, hadi Kabalo. Na reli ya kutoka Kabalo hadi ziwani ilikamilika mwaka 1915 tu. Askari wengi wa Force Publique walianza vita wakiwa na bunduki za zamani za Albini, zinazopigwa risasi moja moja na kuacha wingu la moshi. Kuwapa bunduki mpya, rashasha na mizinga ya milimani kupitia msitu wa Ituri kungechukua muda ambao hakuna aliyekuwa nao.

Njia fupi ilikuwa Mombasa. Kutoka hapo reli ya Uganda ilifika Kisumu, kisha meli zikavuka Ziwa Victoria hadi Bukakata karibu na Masaka, kisha barabara ya Mbarara hadi Kigezi, mpakani mwa Rwanda. Lakini njia hiyo yote ilikuwa ya Waingereza. Hata pipa la mafuta lisingeweza kupita bila barua, na kila barua ilikuwa nafasi ya kuuliza: mtapigana lini, wapi, na mtakaa wapi mkishinda?

Tena reli yenyewe ilikuwa hatarini. Tangu Agosti 1914 Wajerumani walikuwa wameishikilia Taveta, ndani ya ardhi ya Kenya, na kutoka huko vikundi vidogo vya askari vilivuka nyika isiyo na maji, vikafika kwenye reli kati ya Voi na Tsavo, vikafukia baruti chini ya mataruma na kurudi. Vichwa vya treni viliangushwa na madaraja yakavunjwa. Waingereza walilazimika kutawanya maelfu ya wanajeshi, wengi wao kutoka India, kulinda mstari wa chuma badala ya kushambulia, na mwaka 1915 wakaanza kujenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea Maktau ili wapate kuifikia Taveta. Mwezi Desemba mwaka huo Wajerumani waliutwaa hata mlima Kasigau, ulio karibu na reli.

Hapa ndipo Gisenyi na Voi zinapokutana, ingawa wakazi wake hawakuwahi kuonana. Maadamu reli ya Uganda haikuwa salama, Waingereza hawakuwa na mabehewa ya kuwapa Wabelgiji kwa wingi. Na maadamu Wabelgiji hawakuwa na silaha, Wintgens aliweza kukaa Gisenyi. Mtu aliyefukia baruti Tsavo alikuwa akiilinda Sebeya bila kujua. Ninatambua kwamba kuna wanaoliona jambo hili kuwa la pembeni, wakisema kwamba Wabelgiji walizuiwa zaidi na kutokuamua kwao wenyewe. Kutokuamua kulikuwapo, hilo ni kweli, lakini kamanda asiyejua risasi zake zitafika mwezi gani ana haki fulani ya kusitasita.

Lutobo, Februari 1916

Tarehe 6 Februari 1916 Jenerali Charles Tombeur, kamanda wa majeshi ya Kibelgiji, alikutana na Sir Frederick Jackson, Gavana wa Uganda, mahali paitwapo Lutobo, Kigezi. Mwezi huohuo Jenerali Smuts alikabidhiwa uongozi wa majeshi ya Waingereza Afrika Mashariki, na mwezi uliofuata akaitwaa Taveta. Hivyo mambo mawili yalifunguka kwa pamoja: reli ilipata kupumua, na njia ya Bukakata ikapata wasafirishaji.

Katika Lutobo Uganda iliahidi kuwapa Wabelgiji wapagazi na magari ya kukokotwa na ng’ombe. Mtu akisoma haraka ataona ni jambo dogo, la watu wa stoo. Lakini hebu tufanye hesabu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa ratili 60, yaani kilo 27 hivi. Kutoka Bukakata hadi mpaka wa Rwanda ni karibu kilomita 300. Mpagazi akitembea kilomita 20 kwa siku atafika kwa siku kumi na tano, na atarudi kwa siku nyingine kumi na tano. Akila kilo moja ya unga kwa siku, safari nzima itamaliza unga wenye uzito kuzidi mzigo wake mwenyewe. Kwa maneno mengine, mpagazi hawezi kubeba risasi na chakula chake pamoja. Chakula hicho lazima kitolewe na watu wa njiani, na majeshi yakisonga mbele, njia hiyo ni Rwanda.

Kikosi cha wapagazi kilichotokana na makubaliano hayo kiliitwa Carbel, kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayomaanisha wapagazi wa Wabelgiji. Vijana wa Uganda zaidi ya 8,000 walipitia humo, na zaidi ya elfu moja kati yao walikufa, wengi kwa maradhi ya tumbo na mapafu katika baridi ya milima ambayo hawakuizoea. Katika Kiswahili chetu kumbukumbu ya wapagazi wa vita hivyo imesalia katika majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Carbel haina mtaa.

Baada ya Lutobo mambo yalikwenda kwa kasi. Aprili 1916 kikosi cha Molitor kilisonga kutoka kaskazini na kile cha Olsen kutoka Rusizi, kusini mwa Kivu. Kigali ikaanguka, Gisenyi ikaachwa, Nyanza ikafikiwa, na Mwami Musinga akajisalimisha kwa watawala wapya. Mwezi Juni ndege za majini zilizotolewa na Waingereza zikairushia mabomu Kigoma kutoka upande wa Kongo. Mwisho wa Julai Kigoma ilitwaliwa, na tarehe 19 Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora, wakiwa wameishika sehemu kubwa ya Reli ya Kati ya magharibi.

Watu wa Bugoyi walilipa kwa namna yao. Miezi ishirini ya majeshi mawili kula kutoka mashamba yaleyale, kuchukuliwa kwa ng’ombe na wapagazi, na kuhama kwa familia zilizokuwa karibu na mahandaki, viliandaa njaa kali iliyoitwa Rumanura, iliyolipiga eneo la Gisenyi kuanzia mwaka 1916 hadi 1918. Katika maafikiano ya wakubwa niliyoyaeleza hapo juu hakuna kifungu kilichowahesabu hawa. Wapagazi walau walikuwa na idadi.

Rehani, na reli ya karatasi

Waingereza walitoa mabehewa na wapagazi, wakategemea kwamba Rwanda ingesimamiwa na wao hadi amani itakapopatikana. Wabelgiji walikataa. Serikali yao, iliyokuwa uhamishoni Le Havre, iliitaka ardhi waliyoiteka iwe rehani ya kubadilishana mezani. Walichokitamani kwa dhati ni ukingo wa kusini wa mdomo wa Mto Kongo, uliokuwa wa Wareno. Rwanda na Burundi, kwa mtazamo huo, zilikuwa sarafu ya kununulia bandari ya Atlantiki. Tabora yenyewe waliirudisha kwa Waingereza mapema mwaka 1917.

Wareno hawakuuza. Tarehe 30 Mei 1919 Lord Milner na Pierre Orts walitia saini makubaliano ambayo kwayo Ubelgiji ilibaki na Rwanda na Burundi, na Uingereza ikachukua sehemu kubwa ya iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, yaani Tanganyika. Lakini reli ilirudi tena mezani, safari hii ikiwa ndoto. Waingereza walitaka ukanda wa mashariki mwa Rwanda, Gisaka, ili reli yao ya kutoka kusini hadi kaskazini mwa Afrika ipate kupita magharibi ya vinamasi vya Mto Kagera. Hakuna taruma lililokuwa limewekwa, hata upimaji haukuwa umekamilika, lakini mstari wa penseli ulitosha. Ukanda huo ukakatwa na mwezi Machi 1922 ukakabidhiwa rasmi kwa Tanganyika. Kwa upande wao Wabelgiji walipata, kwa makubaliano ya tarehe 15 Machi 1921, maeneo yao ya bandari Dar es Salaam na Kigoma pamoja na haki ya kupitisha bidhaa kwa Reli ya Kati bila ushuru wa forodha. Jambo lililoombwa kwa barua Mombasa mwaka 1916 sasa lilikuwa haki ya mkataba.

Mwami Musinga alilalamika kwamba amekatiwa nchi ambayo mababu zake waliitawala, na kwamba wafugaji wametenganishwa na malisho yao. Padri Léon Classe wa Wamisionari wa Afrika aliandika kuunga mkono malalamiko hayo, na hata maofisa wa Kibelgiji, waliokubali ukataji huo mwaka 1919, walianza kuutetea umoja wa Rwanda kwa bidii mpya. Shauri likafika mbele ya Tume ya Kudumu ya Mamlaka ya Udhamini ya Shirikisho la Mataifa, Geneva, na Waingereza, ambao shauku yao juu ya reli hiyo ilikuwa imepoa kwa sababu ya gharama, wakakubali kuurudisha ukanda wenyewe. Gisaka ilirejeshwa Rwanda tarehe 1 Januari 1924.

Reli ya Kagera haikujengwa. Tawi la Tabora hadi Rwanda, lililoachwa mwaka 1914, halikukamilishwa na wakoloni waliofuata. Shehena ya Gisenyi iliendelea kwa miaka mingi kufika kwa boti, kwa lori na kwa kichwa.